Grover Alexander: Sajini wa Mizinga Aliyeitwa Saa ya Hatari

Katika kila jeshi, na katika kila jeshi la polisi, kipo kikosi ambacho kazi yake kubwa ni kungoja. Wenzao wako doria, wenzao wako lindoni, nao wamekaa na viatu miguuni wakisubiri wito ambao huenda usije usiku kucha. Asiyeijua kazi hii huwadhania kuwa ni watu wanaokula mshahara wa bure. Lakini wito ujapo, na mstari wa mbele ukawa umeanza kupinda, hapo ndipo maana ya akiba inapodhihirika. Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, wahenga hawakutuambia mtu wa akiba astahili kulipwa kiasi gani.

Swali hilo hubishaniwa sana huko Marekani katika mchezo wa besiboli. Wako wachezaji ambao huingizwa uwanjani mwisho wa mchezo tu, hufanya kazi ya robo saa hivi, nao hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Baadhi ya watu husema hiyo ni haki yao, kwa kuwa wao ndio waufungao mlango adui asiingie. Wengine husema huo ni ubadhirifu mtupu. Sisi tumeona vyema tulitazame jambo hili kwa kuyafuata maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kabla haijapewa jina wala bei. Mtu huyo ni Grover Cleveland Alexander, mkulima, askari na mrushaji, aliyefariki mwaka 1950.

Besiboli haijaenea sana kwetu, ingawa vijana wa Lugazi, nchini Uganda, walisafiri hadi Marekani mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yaitwayo Little League. Kwa hiyo yafaa tuueleze kwa maneno machache. Timu mbili zenye wachezaji tisa tisa hupokezana kupiga na kulinda. Mrushaji wa timu inayolinda husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja, akamtupia mpira mpigaji mwenye rungu la mti. Mpigaji akiupiga vyema, hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Akikosa mara tatu, hutolewa. Wakitolewa watatu, zamu hugeuka. Kila upande una zamu tisa, na hivyo timu inayotaka kushinda haina budi kuwatoa adui mara 27. Mzigo mkubwa wa kazi hiyo humwelemea mrushaji.

Alexander alizaliwa tarehe 26 Februari 1887 huko Elba, kijiji cha wakulima katika jimbo la Nebraska. Wazazi wake walimpa jina la Grover Cleveland, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo. Nyumba yao ilikuwa na watoto 13, nao wote walilelewa kwa kazi ya shamba. Alipokuwa kijana aliajiriwa kufunga nyaya za simu, na siku za mapumziko akawa akirusha mpira katika timu za miji ya jirani. Sifa zake zilienea upesi, kwani alikuwa na jambo ambalo kila mwalimu wa shabaha hulipenda: mpira wake ulikwenda pale alipoutuma.

Mwaka 1909 alipata ajira yake ya kwanza ya kulipwa katika timu ndogo ya Galesburg, jimbo la Illinois. Mwaka huohuo, alipokuwa akikimbilia kituo, mpira uliotupwa na mlinzi ulimpiga kichwani. Alizimia muda mrefu, na alipozinduka akawa anaona vitu viwili viwili. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Hata hivyo, macho yake yalipona, na mwaka 1910 alishinda michezo 29 akiwa na timu ya Syracuse. Timu ya Philadelphia ikamnunua, na mwaka 1911, ukiwa ndio mwaka wake wa kwanza katika ligi kuu, alishinda michezo 28. Tangu karne ya ishirini ianze hakuna mgeni mwingine katika ligi hiyo aliyefikia idadi hiyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya fahari. Alishinda michezo 31 mwaka 1915, akashinda 33 mwaka 1916 na 30 mwaka 1917. Katika mwaka 1916 peke yake, mara 16 alirusha mchezo mzima bila adui kupata hata pointi moja, na rekodi hiyo haijavunjwa. Yafaa tukumbuke kwamba siku hizo mrushaji aliyeanza kazi alitazamiwa kuimaliza. Ligi huhesabu kazi ya mrushaji kwa zamu alizorusha, na Alexander alirusha zamu 389 katika mwaka huo mmoja. Mtu wa kuja kumalizia hakuwa na cheo maalumu. Aliyeitwa mwishoni ama alikuwa dhaifu asiyefaa kuanza mchezo, ama alikuwa shujaa aliyeombwa afanye kazi ya ziada.

Mwezi Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Wenye timu ya Philadelphia walihofu kwamba mrushaji wao angeandikishwa jeshini, na fedha nazo waliziona tamu. Mwisho wa mwaka huo wakampeleka Chicago pamoja na mdakaji wake, Bill Killefer, wakapokea wachezaji wawili na zaidi ya dola 50,000. Hofu yao ilitimia. Alexander alicheza michezo mitatu tu huko Chicago katika mwaka 1918, kisha akaitwa jeshini. Akafanyiwa mafunzo katika kambi ya Funston, jimbo la Kansas, na siku hizo akamwoa Aimee Arrants. Kisha akavuka bahari kwenda Ufaransa pamoja na Kikosi cha 342 cha Mizinga, Divisheni ya 89, akiwa na cheo cha sajini.

Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa mengi juu ya yaliyomkuta huko. Alikaa mstari wa mbele majuma kadhaa chini ya makombora yasiyokoma. Ngurumo za mizinga zilimharibu sikio moja asisikie tena. Kipande cha kombora kikamjeruhi sikio la pili. Kazi ya kuvuta kamba ya kufyatulia mzinga ikaumiza mkono wake wa kulia, ule ule aliourushia mpira. Baya kuliko yote, baada ya vita ugonjwa wa kifafa ulimwandama, ukawa humwangusha bila kumpa taarifa, na mara nyingine ulimjia akiwa uwanjani. Pombe aliijua kabla ya vita, lakini sasa aliifanya kimbilio. Siku hizo kifafa kilionewa haya kuliko ulevi, na yeye akaona ni afadhali watu wamdhanie kuwa amelewa kuliko kuujua ugonjwa wake. Majeraha ya namna hii hayafungwi bandeji, nayo hayaonekani katika gwaride. Majeshi mengi yalichelewa sana kuyatambua.

Lakini tazama nguvu za mtu huyu. Mwaka 1920, akiwa Chicago, alishinda michezo 27 na kuwapita warushaji wote wa ligi yake. Mwaka 1923, katika zamu 305 alizorusha, ni wapigaji 30 tu aliowapa kituo cha bure kwa kukosa shabaha. Mwili ulikuwa umevunjika, lakini jicho na mkono havikusahau.

Katika mwaka 1926 Chicago ilipata kiongozi mpya, Joe McCarthy, mtu wa nidhamu kali. Hatusemi kwamba alikosea kutaka amri zifuatwe, kwani timu isiyo na amri ni kundi la watu tu. Alimwona Alexander ni mzee wa miaka 39, mlevi, asiyefuata ratiba, akamtoa kazini mwezi Juni. Timu ya St. Louis, iliyokuwa chini ya Rogers Hornsby, ikamchukua kwa fedha kidogo. Hornsby hakuangalia umri wala minong'ono. Aliangalia kama mkono bado unalenga. Mwaka huo St. Louis ilichukua ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza, ikaenda kupambana na New York katika fainali ya michezo saba.

New York ilikuwa na Babe Ruth, mpigaji mashuhuri kuliko wote, aliyelipwa dola 52,000 kwa mwaka, na kijana Lou Gehrig. Alexander alishinda mchezo wa pili. Tarehe 9 Oktoba akashinda na mchezo wa sita, akirusha mwanzo hadi mwisho, na timu zikawa sawa, tatu kwa tatu. Mzee alikuwa amemaliza kazi yake, na kesho yake alikaa miongoni mwa warushaji wa akiba, mwili ukiwa umechoka. Inasimuliwa kwamba usiku uliotangulia alisherehekea kwa chupa. Yeye mwenyewe alilikana jambo hilo, nasi hatuna sababu ya kulikuza.

Tarehe 10 Oktoba 1926, mchezo wa saba, St. Louis ilikuwa mbele kwa pointi 3 dhidi ya 2. Zamu ya saba ilipofika, mrushaji Jesse Haines alikuwa ametoka lengelenge katika kidole, na mpira haukumtii tena. Wapigaji wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, lakini vituo vyote vitatu vilikuwa vimekaliwa na adui, na mpigaji aliyefuata ni Tony Lazzeri, kijana mwenye nguvu. Pigo moja zuri lingeugeuza mchezo, na pamoja na mchezo mwaka mzima. Hapo Hornsby akamwita Alexander.

Akaja taratibu kutoka mwisho wa uwanja, bila haraka yoyote. Hornsby alitoka kumlaki, akamtazama machoni, akaridhika. Lazzeri aliupiga mpira mmoja kwa nguvu ukaruka mbali upande wa kushoto, uwanja mzima ukashikwa na pumzi. Lakini ulitua nje ya mstari kwa umbali mdogo tu. Alexander hakutetereka. Akatupa mwingine, chini na pembeni, Lazzeri akapunga rungu hewani, akatolewa. Watu wachache walijua wakati ule kwamba Lazzeri naye alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Wanaume wawili wenye siri moja walikuwa wamesimama uso kwa uso mbele ya halaiki, na kila mmoja alifanya kazi yake.

Katika zamu ya nane aliwatoa watatu mfululizo. Katika ya tisa aliwatoa wawili, kisha akamkabili Ruth kwa uangalifu mkubwa hata akampa kituo cha bure. Ruth akajaribu kukiiba kituo cha pili, mdakaji Bob O'Farrell akamtupia Hornsby mpira, Ruth akashikwa, na mchezo ukaisha. Kwa jumla Alexander alisimamia kutolewa kwa adui saba kati ya wale 27. Sehemu ndogo kwa hesabu, lakini ni ile sehemu ambayo kila kitu kilining'inia juu yake.

Je, alilipwa nini? Wachezaji wa timu iliyoshinda waligawana fedha za fainali kwa mafungu, na fungu kamili lilikuwa zaidi kidogo ya dola 5,500. Fungu la Alexander halikuwa kubwa kuliko la mwenziwe aliyepata fungu kamili bila kugusa mpira siku hiyo. Naye Hornsby, aliyekuwa na busara ya kumwita mzee saa ile, alihamishiwa New York mwezi Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa hakuafikiana na mwenye timu juu ya mkataba wake mpya. Sifa hupigiwa makofi Oktoba, na mahesabu hufungwa Desemba.

Alexander alishinda michezo 21 katika mwaka 1927, akiwa na miaka 40, kisha nguvu zikapungua. Alimaliza mwaka 1930 akiwa na ushindi 373, idadi aliyolingana nayo Christy Mathewson peke yake katika ligi yao. Katika ligi kuu zote mbili, ni wawili tu waliowapita. Baada ya hapo alizunguka miji midogo na timu ya maonyesho ya House of David. Aimee aliachana naye, wakarudiana, wakaachana tena. Mwaka 1938 alichaguliwa kuingia katika Jumba la Heshima la besiboli. Heshima haikumpa mkate. Muda si mrefu baadaye alikuwa akilipwa kusimulia habari za Lazzeri katika nyumba ya maonyesho mjini New York, jengo moja na viroboto waliofundishwa michezo. Mchumia juani hulia kivulini, husema watu. Huyu alichuma juani na kivuli hakukiona. Alifariki tarehe 4 Novemba 1950 huko St. Paul, Nebraska, si mbali na alikozaliwa, peke yake katika chumba cha kupanga. Mwaka 1952 ilitolewa sinema juu ya maisha yake, na aliyeigiza nafasi yake ni Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais. Hivyo mtu huyu aliitwa kwa jina la Rais mmoja na kuigizwa na mwingine, naye alikufa hana kitu.

Sasa tulirudie swali letu. Mwaka 1969 ligi ziliingiza rasmi katika hesabu zao kazi ya mrushaji anayeokoa mchezo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, hasa kwa mfano wa timu ya Oakland chini ya Tony La Russa, ilizuka desturi ya kumweka mtu mmoja kwa zamu ya tisa tu. Bei yake ikapanda. Mariano Rivera, mwana wa mvuvi wa Panama, alilipwa dola milioni 15 kwa mwaka na timu ya New York kuanzia mwaka 2008. Mwaka 2022 Edwin Díaz alipewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 102. Miezi michache baadaye aliumia goti akishangilia ushindi wa nchi yake, Puerto Rico, asicheze hata mara moja katika msimu wa 2023.

Wanaopinga mishahara hiyo wana hoja nzito. Mmalizaji wa leo hurusha zamu 60 au 70 kwa mwaka, wakati Alexander alirusha karibu 400. Aidha, hesabu za miaka mingi zaonyesha kwamba timu inayoongoza ikiingia zamu ya tisa hushinda kiasi cha mara 95 kwa kila 100, na kiwango hicho hakikubadilika sana tangu wamalizaji wa bei kubwa walipoanza kuajiriwa. Yaani mara nyingi mlinzi ghali huwekwa kwenye mlango ambao tayari umefungwa.

Wanaowatetea nao wana la kusema. Mchezo uliopotea mwishoni huvunja moyo wa kikosi kizima, na si kila mwenye mkono mzuri ana moyo wa kuustahimili wakati huo. Rivera aliokoa michezo 652, na katika fainali na michezo ya mtoano, ambako adui wote ni hodari, alikuwa mgumu kuliko alivyokuwa siku za kawaida. Tena mshahara wa mmalizaji, pamoja na ukubwa wake, ni mdogo ukilinganishwa na wa mrushaji wa kuanza. Gerrit Cole, kwa mfano, alipewa dola milioni 324 kwa miaka tisa mwaka 2019.

Kwa maoni yetu, maisha ya Alexander yanalitatua fumbo hili kuliko hesabu peke yake. Hornsby hakumngoja afike zamu ya tisa. Alimwita katika ya saba, kwa sababu hatari ilikuwa katika ya saba. Angalifuata desturi ya leo, angalimwacha bingwa wake amekaa akimhifadhi kwa ajili ya mwisho ambao haungefika. Kamanda asiyepeleka akiba mpaka saa iliyoandikwa katika ratiba, hata kama mstari umevunjika mapema, ameigharimia akiba hiyo bure. Kosa hapo si la askari, wala si la mshahara wake. Ni la yule aliyemweka mahali pasipo na hatari kisha akamlipa kwa bei ya hatari.

Basi jibu letu ni hili. Mrushaji wa kumalizia anastahili ujira mkubwa pale anapotumwa penye hatari kubwa, iwe ni mwanzo, katikati au mwisho. Akitumwa kufunga mlango uliokwisha kufungwa, dola milioni 15 ni nyingi mno, na hata milioni moja yaweza kuwa nyingi. Ujira huo nao usiishie siku mkono unapochoka. Alexander aliwafyatulia mizinga wenzake huko Ufaransa, akawaokolea ubingwa huko New York, na mara zote mbili deni lake lilihesabiwa kuwa limelipwa mara tu makelele yalipotulia. Kama sehemu ndogo tu ya fedha wanazolipwa wamalizaji wa leo ingalitengwa kwa matibabu na uzee wa mtu kama yeye, asingalihitaji kuuza kumbukumbu zake kando ya viroboto.